Adhabu za Shule na Haki za Wanafunzi Wenye Ulemavu Nchini Marekani

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, sheria za majimbo mengi ya Marekani ziliruhusu shule za umma kumkataa mtoto ambaye wakuu wa shule walimwona hafundishiki. Baadhi ya watoto wenye ulemavu hawakuandikishwa kabisa. Wengine walipokelewa, kisha wakaondolewa kwa madai ya utovu wa nidhamu, na njia hii ilikuwa nyepesi zaidi kwa shule: haikuhitaji daktari wala kikao. Mwalimu mkuu aliandika kwamba mtoto ana matatizo ya tabia, na mtoto akabaki nyumbani. Bunge la Marekani lilipolichunguza suala hilo mwaka 1975, lilikuta kwamba nchi ina watoto zaidi ya milioni 8 wenye ulemavu, kwamba zaidi ya nusu yao hawapati elimu inayowafaa, na kwamba milioni 1 wako nje kabisa ya shule za umma.

Mabadiliko yalianzia mahakamani. Huko Pennsylvania, chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kilifikia mapatano na jimbo mwaka 1971 kwamba watoto hao wasinyimwe shule. Kesi ya pili, iliyoamuliwa mwaka 1972 katika jiji la Washington na kujulikana kwa jina la Mills, ndiyo iliyogusa adhabu moja kwa moja. Ilifunguliwa kwa niaba ya watoto saba waliotengwa na shule za jiji, wengine kwa sababu walionekana wakorofi au wasiotulia. Bodi ya elimu ilijitetea kwamba haina fedha. Jaji Joseph Waddy alijibu kwamba fedha zikipungua, upungufu huo hauwezi kumwangukia mtoto mwenye ulemavu kuliko wenzake. Aliagiza pia kwamba mwanafunzi asisimamishwe masomo kwa zaidi ya siku mbili bila kusikilizwa.

Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyowapa watoto wote wenye ulemavu haki ya elimu ya umma, bila malipo na inayowafaa. Alisaini huku akilalamika kwamba inaahidi mambo makubwa kuliko uwezo wa serikali. Kila mtoto aliyehusika alipaswa kuandikiwa mpango wake wa elimu, nao wazazi wakapewa haki ya kuupinga. Kuhusu adhabu, sheria karibu haikusema neno. Ilikuwa na kifungu kimoja tu kilichokuja kuzaa mabishano ya miaka mingi: wakati mgogoro kati ya mzazi na shule unaendelea, mtoto abaki darasani alipo.

Mapema mwaka huohuo, katika kesi ya Goss iliyotoka Columbus, Ohio, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwanafunzi yeyote anayesimamishwa, hata kwa siku zisizozidi 10, lazima aambiwe kosa lake na apewe nafasi ya kujieleza. Siku hizo 10 zikawa kipimo kilichorudi tena na tena.

Swali lililobaki lilikuwa hili: ikiwa kosa limetokana na ulemavu wenyewe, je, mtoto anaadhibiwa kwa utundu au kwa ulemavu wake? Na nani aamue? Huko Florida, wanafunzi kadhaa wenye ulemavu wa akili walifukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Msimamizi wa shule za wilaya aliamua mwenyewe kwamba kosa la mmoja wao halikutokana na ulemavu, kwa kuwa hakuwa ameorodheshwa kati ya wenye matatizo ya hisia. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa iliukataa uamuzi huo. Ilisema jambo hilo ni la jopo la watu wenye ujuzi na wanaomfahamu mtoto, na kwamba hata anayefukuzwa hawezi kukatiwa masomo kabisa.

Kesi kubwa kuliko zote ilitoka San Francisco. Mnamo Novemba 1980 kijana wa miaka 17, aliyetajwa mahakamani kwa jina la bandia la John Doe, alimkaba koo mwenzake aliyemdhihaki, kisha akavunja kioo cha dirisha akipelekwa kwa mwalimu mkuu. Mpango wake wa elimu, ulioandikwa na shule yenyewe, ulikuwa tayari umeeleza kwamba hasira zake hulipuka, na ulikuwa umeweka lengo la kumfundisha kuvumilia maudhi bila kupigana. Alisimamishwa siku tano, kisha adhabu ikaongezwa bila kikomo. Mwaka 1988, katika hukumu ya Honig dhidi ya Doe iliyoandikwa na Jaji William Brennan, Mahakama ya Juu ilisema Bunge liliziondolea shule kwa makusudi mamlaka ya kujiamulia zenyewe kuwatoa watoto wenye ulemavu. Shule ingeweza kumsimamisha mtoto hadi siku 10. Zaidi ya hapo ilihitaji ridhaa ya wazazi au amri ya hakimu.

Wakuu wa shule walinung'unika, na hofu ya bunduki ikawapa nguvu. Mwaka 1994 Bunge liliagiza anayeleta bunduki shuleni afukuzwe kwa mwaka mzima, likaruhusu mwenye ulemavu ahamishiwe mahali pengine pa kusomea kwa siku 45. Mwaka 1997 mambo yote haya yaliandikwa ndani ya sheria ya 1975 yenyewe, ambayo tangu 1990 ilikuwa na jina jipya la IDEA. Siku 45 zilihusu sasa silaha za aina nyingine na dawa za kulevya. Kikao cha kuamua chanzo cha kosa kikawa cha lazima ndani ya siku 10. Miezi michache kabla ya hapo, mahakama ya rufaa ilikuwa imeamua katika kesi kutoka Virginia kwamba mtoto aliyefukuzwa kwa kosa lisilohusiana na ulemavu wake hadai huduma tena. Bunge lilifuta tafsiri hiyo: adhabu yoyote itakayotolewa, masomo yaendelee.

Marekebisho ya 2004 yaliegemea upande wa shule. Ili mtoto alindwe, sasa kosa lazima liwe na uhusiano wa moja kwa moja na mkubwa na ulemavu, au liwe matokeo ya shule kushindwa kutekeleza mpango wa mtoto. Siku 45 zikahesabiwa kuwa siku za shule, na kuumiza mtu vibaya kukaongezwa kwenye makosa yanayoruhusu uhamisho huo.

Ulinzi wote huu unahesabu siku za kutolewa darasani, haugusi viboko. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilikataa kuona uchapaji wa wanafunzi kuwa kinyume cha katiba, na baadhi ya majimbo bado yanauruhusu. Shule nazo zilizoea mbinu isiyoandikwa popote: kumpigia mzazi simu kila mara aje amchukue mtoto mapema. Mwongozo uliotolewa na Wizara ya Elimu Julai 2022 ulionya kwamba kumrudisha mtoto nyumbani kwa namna hiyo kwa sababu ya tabia yake kunaweza kuhesabiwa kama kumsimamisha masomo, hata kama hakuna barua.