Malezi ya Imani na Ulimi wa Mwanasiasa

Atakayesimama pembezoni mwa viwanja vya Furahisha, Kirumba, siku ya mkutano wa kampeni, atasikia jambo lile lile kutoka kwa karibu kila mgombea, awe wa chama gani. Kabla ya kutaja barabara, maji au bei ya samaki mwaloni, mgombea husalimu mara tatu: “Tumsifu Yesu Kristo!” “Bwana Yesu asifiwe!” “Asalaam aleikum!” Umati huitikia kwa mafungu, na kila fungu hujiona limetambuliwa. Sisi Wakatoliki huitikia “Milele amina” kwa nguvu kiasi cha kusahau kujiuliza ni nani anayetusalimu. Salamu hizo zina heri yake, kwa kuwa zinaheshimu watu wa dini mbalimbali, lakini hazituambii lolote kuhusu imani iliyomlea msemaji. Malezi hukaa ndani zaidi. Yamo katika namna mtu anavyojieleza, anavyojibu anapopingwa, na anavyokiri anapokosa.

Mfano wa mbali utatusaidia kuona vilivyo karibu. Huko Marekani kuna Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hujulikana kama Wamormoni. Lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830. Kiimani tuko mbali nao: mwaka 2001 Idara ya Mafundisho Sadikifu ya Imani, huko Vatikano, ilitamka kwamba ubatizo wao si halali, kwani hawaukiri Utatu Mtakatifu kama tunavyoukiri sisi. Hata hivyo, namna yao ya kuwafunza vijana kusema inastahili kutazamwa. Jumuiya zao hazina mapadre wanaolipwa. Siku ya Jumapili wanaohutubia ni waumini wenyewe kwa zamu, vijana wakiwemo, na kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya mwezi muumini yeyote anaweza kusimama na kutoa ushuhuda. Vijana wengi wa kiume hutumwa umisionari kwa takriban miaka miwili, wakibisha hodi nyumba kwa nyumba na kufukuzwa kwa adabu, au bila adabu.

Mwanasiasa Mitt Romney, aliyezaliwa mwaka 1947, alilelewa hivyo. Alikuwa mmisionari Ufaransa kuanzia 1966 hadi 1968, na baadaye akawa askofu, cheo ambacho kwao ni cha kiongozi wa jumuiya yenye ukubwa wa parokia, naye huendelea na kazi yake ya kawaida. Alipogombea urais, watu walimshuku kwa sababu ya dini yake. Desemba 2007, huko Texas, alitoa hotuba ndefu kuhusu imani na taifa, na humo alilitaja jina la Umormoni mara moja tu. Februari 2020, akiwa seneta, alieleza kwamba kiapo alichokula mbele ya Mungu ndicho kilichomfanya apige kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake mwenyewe. Tunaona hapa matunda mawili ya malezi yale yale: kwanza, uangalifu wa mtu aliyezoea kubisha hodi kwa wasiomtaka; pili, ushuhuda wa mtu aliyezoeshwa tangu utoto kusimama peke yake na kusema anachoamini.

Mtoto Mkatoliki hafunzwi hivyo. Mahubiri ya Misa yametengwa kwa padre au shemasi (Kanuni 767), naye huketi na kusikiliza. Anachofunzwa ni kujibu: kumjibu katekista maswali ya katekisimu, kumwitikia padre, kuitika kwa pamoja na wengine. Tena hufunzwa jambo ambalo wanasiasa wengi hulikimbia, yaani kuchunguza dhamiri na kutaja makosa yake mwenyewe kwa kinywa chake mwenyewe. Je, mafunzo haya yamewahi kusikika katika siasa zetu? Tunadhani yamesikika, na kwa sauti ya mtu wa ziwa letu hili.

Mwalimu Julius Nyerere hakuzaliwa katika Ukatoliki. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza mafundisho ya dini kwa Mapadre Weupe wa misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, na akabatizwa Desemba 1943 akiwa na miaka 21. Alikuwa mkatekumeni mtu mzima, aliyeuliza kabla ya kuamini. Baadaye alifundisha katika shule za Kanisa: St. Mary's ya Tabora, na St. Francis ya Pugu, ambayo aliiacha mwaka 1955 ili aitumikie TANU.

Ukisoma Azimio la Arusha la 1967 ukiwa umewahi kukaa katika darasa la katekisimu, utahisi umefika nyumbani. Linaanza kwa kukiri imani: chama kinaamini hiki, kinaamini na hiki. Kisha ndipo yanafuata masharti, na mwisho miiko ya viongozi. Wanachama nao walikuwa na ahadi zao, fupi na za kukariri, kama zile zinazorudiwa mbele ya kisima cha ubatizo. Hatusemi kwamba Azimio ni hati ya Kanisa. Liliandikwa kwa ajili ya Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, na jina la Kristo halimo. Tunasema tu kwamba mwandishi wake alijua, kwa kulelewa, jinsi maneno machache yaliyopangwa yanavyoweza kukaa kichwani mwa mtu asiye na kitabu.

Alama ya ndani zaidi ni kukiri kosa. Mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, Mwalimu aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe, akiwataka wanachama waanze kwa kutazama ubinafsi wao wenyewe. Mwaka 1977 alitoa tathmini ya miaka kumi ya Azimio, na ndani yake aliorodhesha yaliyoshindikana bila kuyapaka rangi. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka zaidi suala la ushirika. Wakulima wa pamba walikuwa wamejijengea vyama vyenye nguvu, ambavyo shirikisho lake lilikuwa na makao makuu hapa Mwanza. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Mwaka 1984 Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuvifuta, pamoja na kuzifuta serikali za mitaa mwaka 1972, kulikuwa kosa. Ni viongozi wangapi hutamka maneno hayo wakiwa bado madarakani?

Lakini katekisimu hiyo hiyo inatufundisha kwamba kitubio hakiishii kwenye maungamo, kuna malipizi. Mkulima aliyepoteza chama chake hakurudishiwa miaka ile kwa kusikia kiongozi akikiri. Tena yapo mambo ambayo Mwalimu hakuyakiri kwa uwazi huo, mojawapo likiwa matumizi ya sheria ya 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kutaja mapungufu yake si kuupinga mchakato huo, kwani Kanisa lenyewe huyachunguza.

Jambo jingine ni kimya chake. Alihudhuria Misa mara kwa mara, lakini jukwaani aliwaita watu ndugu, na hakutumia dini yake kama hoja. Alipokuwa madarakani alichotafsiri na kuchapisha kilikuwa Shakespeare. Injili nne na Matendo ya Mitume, alizoziweka katika utenzi wa Kiswahili, zilichapishwa na Wabenediktini mwaka 1996, zaidi ya miaka kumi baada ya kuondoka Ikulu.

Sauti nyingine ya kanda yetu ilikuwa tofauti. Hayati Rais John Magufuli, aliyezaliwa Chato mwaka 1959, alisoma Seminari ya Katoke, Biharamulo, kuanzia 1975 hadi 1977, kisha akaja Lake Sekondari hapa Mwanza. Karibu kila hotuba yake ilikuwa na ombi: mniombee. Hatuna sababu ya kudhani kwamba hakumaanisha. Kijana wa seminari huamka kwa kengele ya sala na hulala kwa sala, na mazoea hayo hayafi. Machi 2020, akizungumza kanisani Dodoma, alisema nyumba za ibada hazitafungwa, na kwamba korona haiwezi kukaa katika Mwili wa Kristo. Aprili akaliita taifa kwa siku tatu za maombi.

Wengi wetu tulifarijika, na tunakiri kwamba milango ya makanisa kubaki wazi kulikuwa neema. Ugumu ulikuwa kwamba sala na maamuzi ya kiserikali vilitamkwa kwa pumzi moja, hata aliyetaka kuuliza kuhusu barakoa au takwimu akaonekana kana kwamba anaitilia shaka sala. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliandika barua likitahadharisha kuhusu wimbi jipya la ugonjwa, likihimiza sala pamoja na hatua za kujikinga. Barua hiyo haikumpinga mtu anayesali. Ilirudisha sala na tahadhari mahali pake, kila moja na haki yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes namba 76, unafundisha kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa siasa, na unatofautisha wanachofanya waamini kwa jina lao wenyewe kama raia na wanachofanya kwa jina la Kanisa pamoja na wachungaji wao. Mwanasiasa anayesema kwa dhamiri iliyolelewa na Kanisa anasema kama raia. Anaweza kupingwa na Mkatoliki mwenzake, nao wote wawili wakapokea Ekaristi Jumapili hiyo hiyo.

Sisi mapadre tunadaiwa hapa. Katika parokia tulizotumikia tumewahi, msimu wa uchaguzi ukikaribia na ujenzi wa kanisa ukiwa umekwama kwenye renta, kumkabidhi mgeni kipaza sauti baada ya Komunyo ili atoe salamu. Salamu zikageuka ahadi, ahadi zikageuka kampeni, watu wakapiga makofi mbele ya Tabernakulo, nasi tukaketi kimya tukihesabu mabati. Siku hizi mgeni hutambulishwa kwa jina, huketi na waamini wengine, na mwenye neno la kusema hulisema nje, baada ya baraka ya mwisho, chini ya mwembe. Mchango mmoja au miwili tumeikosa kwa sababu hiyo.