Ushonaji wa tanga

Ushonaji wa tanga ni ufundi wa kukata, kushona na kukarabati matanga ya vyombo vya baharini kwa mkono. Katika pwani ya Waswahili hufanywa na mafundi wa maeneo kama Lamu na Unguja, kwa ajili ya majahazi, mashua, madau na ngalawa.

Mtepe, chombo cha kale kilichoungwa kwa kamba, ulitumia tanga la mraba lililotengenezwa kwa mkeka wa majani ya mimea jamii ya mitende. Vyombo vya baadaye hutumia tanga la kitambaa la pembetatu lililofungwa kwenye foromali, mti mrefu unaopandishwa juu ya mlingoti.

Fundi hutandaza kitambaa mahali pa wazi, huunganisha vipande kwa sindano na uzi imara, kisha hukunja kingo na kuzishonea kamba ili zisichanike. Tanga huachiwa tumbo kidogo ili lishike upepo. Ukarabati huhusisha kutia viraka, kushona upya mishono iliyofumuka na kubadilisha kamba za kingo. Jua, chumvi na unyevu ndivyo viharibifu vikuu.

Mwanafunzi hujifunza kwa kumsaidia fundi, akianza na kazi nyepesi kabla ya kupima na kukata. Injini zimepunguza mahitaji ya matanga, lakini ufundi huu bado hutumika katika uvuvi, utalii na mashindano ya vyombo vya tanga.