Magari ya Kasi Yaliyofaulu Mtihani wa Mlima Kenya

Mkazi wa Ruiri anayetamani gari lenye mbio hawezi kuangalia injini peke yake. Gari hilo ndilo litakalompeleka Meru mjini asubuhi, limteremshe Isiolo kwenye joto, libebe wazee kwenda kanisani Jumapili, na mvua za Aprili zikifika lipite kwenye udongo unaoteleza kabla ya kukanyaga lami. Huku Buuri, Ruiri ilipo, kaskazini mwa Mlima Kenya, swali la gari la spoti linalofaa kwa kila siku ni la zamani, na aliyelijibu kwa sauti kubwa kuliko kiwanda chochote ni barabara yenyewe.

Jibu hilo lilianza kuandikwa tarehe 27 Mei 1953, mashindano ya magari ya Coronation Safari yalipong'oa nanga kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kanuni za mwanzo zilimjali sana mnunuzi wa kawaida: gari lilipaswa kuwa kama lilivyotoka dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei. Mtu mwenye fedha zake mkononi aliweza kuangalia matokeo akajua kila shilingi ingemnunulia uvumilivu kiasi gani. Mwaka huo Alan Dix aling'ara akiwa na Volkswagen ndogo yenye umbo la kobe. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, ambalo mtu hangeliita la mbio akiliona limeegeshwa.

Safari ya zama hizo ilikuwa ikizunguka pia Mlima Kenya, kupitia Nanyuki, Meru na Embu. Anayeijua barabara ya zamani ya kati ya Meru na Embu anaelewa uzito wa sehemu hiyo. Mito inateremka kutoka mlimani, kila mto una bonde lake, na barabara ililazimika kushuka, kukunja kona, kuvuka daraja na kupanda tena, mara kwa mara, kwa saa nyingi. Nguvu za injini husaidia kwenye mpando tu. Kwingineko kazi ni ya breki, usukani na springi. Gari lililo chini sana na lenye springi ngumu huruka kwenye mashimo, na gurudumu lililo hewani haliwezi kusukuma, kukata kona wala kusimamisha gari. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, yaliyomaliza yalikuwa 7. Walioshinda, Nick Nowicki na Paddy Cliff, walikuwa ndani ya Peugeot 404, gari la familia lenye milango minne. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena, na washindi wakawa wale wale, wakiendesha 404.

Fundisho kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la Porsche. Duniani kote 911 husifiwa kuwa ndilo gari la spoti ambalo mtu anaweza kwenda nalo kazini kila siku, na kwenye barabara za Ulaya linaistahiki sifa hiyo. Kiwanda kilikuja Kenya kwa nia ya dhati. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuwa wa pili, nyuma ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Mwaka 1978 Porsche walirudi na 911 SC zilizoinuliwa juu sana kutoka ardhini, na Vic Preston mdogo akaleta moja katika nafasi ya pili. Aliyewatangulia alikuwa Jean-Pierre Nicolas, ndani ya Peugeot 504 ya milango miwili. Fedha na ufundi wa kiwanda hicho havikutosha.

Na Pijo, kama tulivyozoea kuiita Peugeot, haikubaki kwenye magazeti. Ove Andersson alikwisha kushinda na 504 mwaka 1975, na wakati huo gari lenyewe, hasa lile refu lenye viti vya safu tatu, lilikuwa likibeba abiria kati ya miji ya bara na Nairobi. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, kwa hiyo dereva hakulazimika kupunguza mwendo kila alipoona shimo. Hapo ndipo palipokuwa na kasi yake halisi. Gari linalofika kilomita 200 kwa saa kwenye lami laini, kisha likatambaa kila penye changarawe, litachelewa kufika Meru kuliko Pijo iliyojaa watu na mizigo.

Lipo gari la spoti la kweli lililoishinda Safari: Datsun 240Z. Lilikuwa na silinda sita na viti viwili. Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Lakini mwaka 1970 Herrmann huyo huyo alikuwa ameshinda na Datsun 1600 SSS ya milango minne, na hilo ndilo lililomfaa zaidi mwenye watoto na magunia.

Kisha likaja Subaru. Mwaka 1990 Jim Heather-Hayes alimaliza Safari na Legacy iliyokaribia kabisa gari la dukani, gari la kwanza la daraja hilo, chini ya kanuni za enzi hizo, kuwahi kumaliza. Mwaka 1993 Patrick Njiru alifika na Vivio, kigari chenye injini isiyofika hata lita moja, akaongoza daraja lake na kuwa wa 12 kwa jumla. Mwaka 1994 alikuwa wa nne na Impreza. Colin McRae akashinda mbio zote na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Hapo gari la mshindi na gari la jirani yalikuwa bado ndugu wa damu: injini iliyolala, ambayo huweka uzito chini, na nguvu inayogawiwa magurudumu yote manne. Mtu wa Ruiri aliyekwama kwenye matope hahitaji kuelezwa faida yake.

Bahati nyingine ilitoka bandarini. Biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani ilipofunguka, Impreza, Legacy na Forester zenye turbo zikashuka Mombasa, usukani ukiwa upande wetu tayari. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zile Impreza za enzi ya McRae zilizobaki nchini zimepita mikono mingi.

Safari ilipoteza nafasi yake katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021 Naivasha, na Sébastien Ogier akashinda. Nilifurahi kuiona imerudi. Hata hivyo magari ya daraja la juu siku hizi hujengwa kwa ajili ya mashindano tu, na mnunuzi hawezi tena kuyafuata dukani. Afadhali awaangalie madereva wa miraa. Pikapu zao za Hilux hutoka Maua na Kangeta zikikimbizana na saa, kwa kuwa majani yakikauka bei huanguka. Uimara wa magari hayo nauheshimu, mwendo wao siuungi mkono. Barabara hizi hazisamehe: kwenye mteremko wa daraja la Nithi, kati ya Meru na Embu, Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa.

Kwa hiyo ningemshauri anayetafuta gari la kasi la kutumia Ruiri achukue Forester yenye turbo, au Impreza yenye nafasi nyuma, na aache zile zilizoshushwa chini, kwa sababu matuta ya kila kituo cha biashara yatazikwaruza tumbo. Aipeleke kwa fundi anayezijua Subaru kabla ya kulipa. Aulize mkanda wa injini ulibadilishwa lini, atazame kama turbo inatoa moshi wa buluu, na asikilize giaboksi injini ikiwa bado baridi. Fedha alizotenga kuongeza nguvu za injini azitumie kwanza kwa breki, shokomzoba na tairi nne mpya zinazofanana.