Miaka 90 ya Malkia wa Nyuki, ndege ya wanafunzi iliyoruka bila rubani

Mwaka 2025 ulitimia miaka 90 tangu kiwanda cha de Havilland, Uingereza, kitoe ndege ya mbao iliyoweza kupaa, kugeuka na kutua huku kiti cha rubani kikiwa kitupu. Aliyeiongoza alisimama chini, mbele ya kisanduku cha redio. Iliitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Huku kwetu kumbukumbu hiyo ilipita kimya kabisa, nami naona hatukuitendea haki, kwa sababu kila mtu anayesema "ndege nyuki" leo anaitaja ndege ile bila kujua.

Mzazi wake ni Tiger Moth, ndege ya kufundishia marubani wa jeshi iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 26, 1931. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili vya wazi, mwanafunzi kimoja na mwalimu kingine. Ziliundwa zaidi ya 8,000, na marubani wengi wa Uingereza na makoloni yake waliopigana Vita Kuu ya Pili walianzia humo. Marubani husema ni rahisi kuirusha ila ni vigumu kuirusha vizuri. Jina Moth, yaani nondo, lilitokana na mapenzi ya Geoffrey de Havilland mwenyewe kwa wadudu hao.

Lakini ndege ya wanafunzi iliingiaje katika mambo ya redio? Ili kuelewa hilo inabidi turudi kwenye ugomvi wa wanamaji na wanaanga.

Julai 1921 Jenerali Billy Mitchell wa Marekani aliwatuma marubani wake kuipiga mabomu Ostfriesland, manowari iliyochukuliwa kwa Wajerumani, wakaizamisha. Wanaanga wakatangaza kwamba zama za manowari zimekwisha. Wanamaji wakajibu kwamba meli ile ilikuwa imetia nanga na haikuwa na mtu wa kuitetea. Waingereza walibishana vivyo hivyo miaka kumi na zaidi, kila upande ukishikilia lake, na hapakuwa na njia ya kukata mzizi wa fitina. Wapiga mizinga walifanya mazoezi kwa kulenga mfuko wa kitambaa uliokokotwa na ndege. Ndege yenyewe ilikuwa na mtu ndani, hivyo haikuweza kuishambulia meli kama adui anavyoshambulia. Ilikwenda moja kwa moja, taratibu, na mizinga ikapiga nyuma yake.

Ilihitajika ndege ya kupigwa kweli. Waingereza wakachukua Fairey IIIF tatu, ndege za majini zenye maboya, wakazifunga mitambo ya redio na kuziita Fairey Queen. Mbili za mwanzo ziliishia baharini muda mfupi tu baada ya kurushwa kutoka manowari HMS Valiant. Ya tatu, Septemba 1932, ilikaa hewani dakika tisa. Hiyo ndiyo iliyopelekwa Gibraltar.

Januari 1933 manowari za kikosi cha Home Fleet ziliifyatulia mizinga kwa saa mbili. Hebu msomaji afikirie saa mbili hizo. Ndege moja ya zamani, ya mwendo wa pole, haina silaha wala mtu, inazunguka juu ya fahari ya jeshi la majini lililotamba duniani kote, na moshi wa baruti unapasuka huku na huku bila kuigusa. Haikupigwa hata risasi moja. Ni mpaka Mei mwaka ule, karibu na Malta, ndipo manowari HMS Shropshire ilipoiangusha.

Ukweli ulikuwa umejianika, lakini kuukubali ni jambo jingine, na wengi waliendelea kuamini chuma kinene na mizinga yao. Desemba 10, 1941, ndege za Japani zilizizamisha manowari za Uingereza Prince of Wales na Repulse katika bahari ya Malaya kwa muda wa saa chache. Walikufa zaidi ya watu 800. Siwezi kusoma habari ya Gibraltar bila kuwafikiria wale.

Hata hivyo jaribio lile lilizaa tunda. Jeshi lilitaka sasa shabaha nyingi na za bei nafuu, kwa sababu ndege ya kulengwa itaangushwa tu siku moja. De Havilland walichukua mabawa ya Tiger Moth, lakini kiwiliwili chake cha mabomba ya chuma wakakiacha. Badala yake wakaweka cha mbao na plaiwudi kutoka kwa ndugu yake, Moth Major. Mbao ni rahisi, tena huelea ndege ikianguka majini. Januari 1935 ilijaribiwa Hatfield, Uingereza, ikiwa na rubani, na mwaka huohuo ikaanza kuruka yenyewe. Ziliundwa karibu 400.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka simu ya mezani, ile yenye kisahani chenye matundu kumi: unaingiza kidole, unazungusha mpaka kikwame, unaachia, kinarudi chenyewe kwa mlio wa krrr. Queen Bee iliongozwa kwa kisahani kama hicho. Mwongozaji alizungusha namba, redio ikatuma midundo kwa idadi ya namba ile, na kwenye kiti cha nyuma cha ndege, alipokuwa akikaa mwanafunzi au mwalimu, mtambo ukaihesabu na kufungua hewa iliyoshindiliwa. Hewa hiyo ikasukuma usukani wa mkia kushoto au kulia, au ikainua na kushusha pua. Umeme ulitoka kwenye pangaboi dogo lililozungushwa na upepo ubavuni. Wakati wa kutua, waya wa antena wenye kizito mwishoni ulining'inia chini ya ndege. Kizito kikigusa ardhi au maji, pua iliinuka na injini ikazimwa yenyewe.

Hapa ndipo upole wa ndege ya mafunzo ulipofaa. Mabawa ya Tiger Moth yalibuniwa yamvumilie mwanafunzi anayekosea: mwendo ni wa pole, na ukiiachia haikimbilii kupinduka. Ndege inayomsubiri mwanafunzi aliyechelewa inaweza pia kuisubiri namba inayorudi polepole kwenye kisahani. Ndege ya kivita yenye haraka zake ingekwisha kuanguka kabla ya kidole kutoka tunduni.

Mwaka 1935 Admirali William Standley wa Marekani aliiona Queen Bee ikionyeshwa Uingereza, akarudi kwao akiitaka ya namna hiyo. Kazi alikabidhiwa afisa Delmar Fahrney. Naye, jambo la kushangaza, alianza na ndege ya mafunzo vilevile, Curtiss Fledgling. Kwa maelezo ya mwanahistoria wa silaha Steven Zaloga, ambaye namfuata hapa, Fahrney ndiye aliyezipa mashine hizo jina la drone, yaani nyuki dume, kwa heshima ya malkia wa Waingereza.

Neno hilo likazunguka dunia, likafika kwetu kama "droni". Watanzania wakazisikia mashine zenyewe zinavyovuma angani wakaziita ndege nyuki. Hakuna aliyewaambia habari za Fahrney wala Hatfield. Masikio yao tu yalirudi kwenye mzinga uleule. Najivunia neno hili kuliko mengi tuliyoyabuni, na inaniuma kuliona likiachwa hata na magazeti yetu, yanayopenda kuandika droni.

Upande wa wapenzi wa modeli nao una wazee wake. Mwaka 1937 ndugu mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, walirusha modeli yao ya redio waliyoiita Guff, yenye mabawa ya karibu mita mbili na nusu. Leo iko katika hifadhi ya Smithsonian. Warithi wao wanapounda modeli kubwa, Tiger Moth ni kipenzi chao. Ya theluthi moja ya kipimo ina mabawa ya karibu mita tatu, na kuibeba kiwanjani ni kazi ya watu wawili. Ukubwa huo una sababu yake. Ndege unaweza kuipunguza, hewa haipunguki. Modeli ndogo huyumbishwa na kila upepo na hukimbia kama inzi, ilhali kubwa huelea, hupinda na kutua kwa uzito unaokaribia ule wa ndege halisi. Na kwa kuwa Queen Bee ilikuwa ya ukubwa kamili, sioni kosa kuiita mojawapo ya modeli za redio kubwa kabisa za zama zake.

Yaliyofuata yanajulikana. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani hupeleka damu katika hospitali za Rwanda kutoka Muhanga, na mwaka huohuo Zanzibar ilianza kupigwa picha kutoka angani ili kuchorwa ramani zake upya.

Malkia wenyewe wamebaki wachache mno. Mmoja yuko katika Makumbusho ya Ndege ya de Havilland, London Colney, kaskazini mwa London. Mwingine, mwenye namba LF858, alifufuliwa akarudi angani, naye aliruka na rubani ndani, mkono wa rubani ukiwa juu ya usukani.