Mgonjwa wa figo kukataa kula: kisa kilianzia kwa panya (Sehemu ya 3)

Baada ya sehemu ya 2 dada mmoja aliniandikia: "Mume wangu anasafishwa damu kwa mashine. Nampikia kila anachopenda, anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Mawifi wanasema simjali." Dada, nilisoma meseji yako mara mbili. Jibu lake ni refu kidogo, nivumilie.

Mwaka 1949, kwenye maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, walionekana panya wanene ajabu, wanakula hawashibi. Mwaka 1966 ikatangazwa aina nyingine hapohapo: wanene vilevile, na kisukari juu. Mtafiti Douglas Coleman akafanya jambo ambalo kusema kweli linatisha: aliwashona panya wawiliwawili ubavu kwa ubavu ili wachangie damu. Panya wa kawaida akiunganishwa na yule mwenye kisukari, huyu wa kawaida anaacha kula. Chakula kipo mbele yake lakini anakufa njaa! Mwenzake anaendelea kula tu kama hakuna kilichotokea.

Coleman akasema, basi kwenye damu ya huyu mnene kuna kitu kinachotoa habari ya "nimeshiba", tena kingi, ila mwenyewe hakisikii. Wengi hawakumwamini. Unene ulihesabiwa ni ulafi na uvivu (hata leo si tunasikia hayo hayo?).

Ilipofika Desemba 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza jini inayotengeneza kitu hicho. Kikaitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Na kinatoka wapi? Kwenye mafuta ya mwili. Yaani yale mafuta tuliyodhani ni akiba tu yamekaa, kumbe yanatuma homoni kwenye damu kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, punguza kula. Baadaye kidogo ikajulikana na nyingine, adiponektini.

Sasa figo zinaingiaje? Homoni ikishafanya kazi lazima iondolewe, na kazi kubwa ya kuondoa leptini hufanywa na figo: zinaichuja, kisha zinaivunjavunja. Kufikia 1997 watafiti walikuwa wameshapima wagonjwa wanaosafishwa damu na kukuta wengi wana leptini nyingi kuliko watu wazima wa afya wenye mafuta kiasi kilekile. Mashine nayo haisaidii sana hapo, kwa sababu vile vichujio vya matundu madogo haviipitishi leptini.

Ndipo panya wa Coleman wakarudi. Mwaka 2005 Wai Cheung, Robert Mak na wenzao waliripoti kuhusu panya walioharibiwa figo. Panya wa kawaida walipoteza hamu ya kula wakakonda. Wale wa kisukari, wasioisikia leptini, hawakudhoofika kama wenzao.

Panya si mtu, na leptini siyo mshtakiwa pekee. Sumu zinazobaki kwenye damu, asidi, uvimbe wa ndani kwa ndani, dawa, hata huzuni, vyote vinaua hamu ya kula. Na wodini hatuna dawa ya kuzuia leptini.

Kwa hiyo dada, usimlazimishe na usijilaumu. Andika anachokula kwa siku tatu, nenda nacho siku ya mashine umpe nesi au daktari. Huenda usafishaji wenyewe hautoshi ukahitaji kuongezwa. Supu nzito, ndizi na dawa za kienyeji za "kuongeza hamu" usimpe kabla ya kutuuliza.

Na hao mawifi, watumie hii posti.