Moto katika Nchi ya Ngorongoro: Habari za Kuchoma Nyasi kwa Mpango

Watu wakaao Karatu, wakitazama upande wa milimani wakati wa kiangazi, wamezoea tangu zamani kuona moshi ukipanda nyuma ya msitu. Bwana misitu akiuona moshi huo, jambo la kwanza limjialo moyoni ni hasara. Mchungaji mzee akiuona, huwaza majani mabichi. Katika makala haya nataka kueleza jinsi fikira hizo mbili zilivyogombana kwa muda wa miaka mingi, hata ile ya pili, baada ya kufukuzwa nje, ikarudi kwa mlango wa ofisi.

Wamasai walichoma nyasi mwishoni mwa kiangazi, mvua ilipokaribia. Nyasi zilizozeeka hazina nguvu ya kulisha, na mvua ikinyesha juu ya majivu, machipukizi hutoka upesi, nayo hupendwa na ng'ombe na nyumbu sawasawa. Tena moto ulizuia zile nyasi ngumu za nyanda za juu ziotazo kwa mafungu, ambazo wataalamu huziita Eleusine jaegeri, na ambazo mnyama hazili ila kwa dhiki. Lakini faida iliyowagusa zaidi wachungaji ilikuwa habari ya kupe. Kupe hupanda juu ya jani refu akangoja mnyama apite. Chini ya nyasi ndefu hupata kivuli na unyevu, na bila ya vitu hivyo hukauka. Kwa hiyo kuchoma nyasi kulikuwa ni kumvunjia kupe nyumba yake, na kumkinga ndama na ndigana kali. Kazi hii haikuwa ya ovyo. Ilitaka mtu ajuaye upepo, na malisho ya kukimbilia mpaka majani yachipuke. Tena ilitaka mifugo, kwa maana mahali palipolishwa sana hapana cha kuungua.

Mifugo hiyo ilipokufa, nchi nayo iligeuka. Sotoka ilipita katika Afrika ya Mashariki kwenye miaka ya 1890 na 1891, na Oscar Baumann aliposhuka katika Kreta mwezi wa Machi 1892 aliwakuta Wamasai wamekondeana kwa njaa. Katika sehemu nyingi vichaka viliota mahali pa malisho, na mbung'o wakafuata. Wazungu waliokuja baadaye waliiona nchi ile katika hali hiyo ya baada ya msiba, wakadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Habari za Serengeti zajulikana, nami nitazipita upesi. Hifadhi ya taifa iliwekwa mwaka 1951, na Ngorongoro ikiwa ndani yake. Profesa Pearsall aliikagua nchi mwaka 1956, na kamati ya Sir Barclay Nihill ikafanya uchunguzi mwaka 1957. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai wakatia sahihi mapatano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe nchi ya watu, mifugo na wanyama wa porini pamoja. Elimu ya uhifadhi ya siku hizo, iliyotoka zaidi katika misitu ya Ulaya, iliuhesabu moto kuwa adui wa udongo na miti. Kwa upande wa miti haikukosea. Kosa lake lilikuwa kuipimia mbuga kwa kipimo cha msitu.

Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa kupita kiasi, nzi waumao waliongezeka katika Kreta, na simba wengi mno wakafa. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wakati ule, aliandika habari zake. Nataja jambo hili kwa sababu lilikuwa onyo: ndani ya Kreta mdudu mdogo aweza kufanya asichoweza mwindaji.

Mwaka 1974 Wamasai waliokuwa wakikaa ndani ya Kreta waliondolewa, na moto wao ukaondoka pamoja nao. Nyasi zikarefuka. Nyumbu, apendaye majani mafupi, akapungua. Nyati, amezaye majani marefu, akazidi. Kwa miaka ishirini na zaidi mabadiliko hayo hayakumtisha mtu, maana mgeni aliyeshuka Kreta aliona wanyama tele vilevile. Ndipo ukaja ukame mkali wa mwaka 2000, na katika mwaka huo na ule wa 2001 nyati, nyumbu, simba, hata vifaru weusi, ambao idadi yao ilikuwa ndogo mno, wakafa. Wataalamu walipochunguza waliona wingi wa kupe, na magonjwa yaletwayo na kupe katika damu za wanyama.

Basi ofisi ikaamua kuchoma. Tangu mwaka 2001 sehemu za sakafu ya Kreta zilichomwa kwa mpango wakati wa kiangazi, si zote kwa mara moja, ili wanyama wapate pa kulisha. Na kupe wakapungua. Magugu kama Gutenbergia cordifolia na Bidens schimperi, yaliyokuwa yamejaa mahali pa nyasi, nayo yakapigwa vita kwa kufyekwa na kuchomwa. Hesabu ya kazi ilikuwa ileile ya wazee: majira, upepo, na sehemu kwa zamu. Kilichokosekana ni ng'ombe, na mchungaji wa kuulizwa. Siwalaumu waliochoma, kwani walitenda lililofaa. Lakini hasara ya miaka ishirini na saba ilitokana na kuhesabu desturi ya watu kuwa uharibifu kabla ya kuuliza sababu yake.

Msituni mambo ni mengine. Msitu ule wa mtelemko wa mashariki na kusini hukamata ukungu na mvua, na mito na chemchemi zake hunywesha mashamba ya Karatu na kushuka hata Ziwa Manyara. Huko moto hauna faida yoyote, wala Wamasai hawakuukusudia huko. Ndiyo sababu mkulima wa Rhotia au Oldeani, aonapo moshi, kwanza hutazama umetoka upande gani wa ukingo.