Milima Haikutani, Vijana Hukutana

Ndugu msikilizaji, juma hili nilipita kando ya shule moja ya msingi nikakuta watoto wa skauti wakihangaika kusimamisha hema uwanjani. Hema lilianguka mara mbili. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami akaniuliza: "Na haya mambo ya kambi yanasaidia nini?" Sikumjibu papo hapo. Mimi mwenyewe nilivaa skafu utotoni, na swali hilo nimewahi kujiuliza. Leo nitajaribu kumjibu.

Turudi nyuma hadi mwaka 1937. Kiangazi cha mwaka huo vijana wa skauti wapatao 28,000 walikusanyika Vogelenzang, nchini Uholanzi. Mkutano wa namna hiyo huitwa jamborii, na huo ulikuwa wa tano wa dunia tangu ule wa kwanza wa London, mwaka 1920. Walipika, wakaimba, wakabadilishana beji. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, alikuwa na umri wa miaka 80, akawaaga. Tusisahau kwamba mzee huyo alikuwa mwanajeshi wa dola ya Kiingereza, na baadhi ya vita alivyopigana hapa Afrika vilikuwa vya kuwatiisha wazee wetu. Lakini uzeeni alihubiri amani.

Vijana wa Ujerumani hawakuwapo. Hitler alikwisha kupiga marufuku skauti na kuwakusanya vijana wote katika jumuiya ya chama chake.

Haikupita miaka mitatu. Septemba 1939 Poland ikavamiwa. Mei 1940 ikawa zamu ya Uholanzi yenyewe. Jamborii iliyopangwa kufanyika Ufaransa mwaka 1941 haikufanyika. Januari 8 mwaka huo huo Baden-Powell alifariki Nyeri, Kenya, akazikwa huko huko. Na katika uasi wa Warsaw wa mwaka 1944, watoto wa skauti walipeleka barua huku risasi zikivuma.

Mzee wangu angesema: unaona? Nyimbo zote zile hazikuzuia hata bunduki moja. Ni kweli. Kambi haina jeshi, wala haina kiti katika baraza la mawaziri. Vita huamuliwa na wakubwa, vijana hutumwa tu.

Lakini tazama yaliyofuata. Agosti 1947 vijana zaidi ya 24,000 walipiga hema Moisson, kando ya mto Seine, katika Ufaransa ile ile iliyokosa zamu yake. Wakaiita Jamborii ya Amani. Mwaka 1951 wakakutana tena Bad Ischl, nchini Austria, nchi iliyokuwa bado chini ya majeshi ya washindi wa vita. Safari hii vijana wa Ujerumani walikuwamo. Hebu fikiri: miaka sita tu baada ya mizinga kunyamaza, watoto wa maadui wa jana wanachota maji mahali pamoja.

Hapo ndipo lilipo jibu langu. Kambi haizuii vita. Kazi yake ni kutunza njia ya kurudiana. Siku wakubwa wanapochoka kugombana, lazima awepo mtu wa kuvuka kwenda upande wa pili, na huyo huwa ni yule aliyewahi kufika. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini.

Hadi leo jamborii ya dunia haijafanyika katika bara la Afrika, ingawa mwaka 2010 Kenya iliwapokea skauti wa rika la juu kutoka pande zote za dunia. Basi, mzazi mwenzangu, mtoto akikuomba nauli ya kwenda kambini, hata kama ni wilaya ya jirani tu, usiseme anakwenda kucheza. Huko atalala hema moja na mtoto usiyemjua wewe, wa kabila jingine na dini nyingine.

Mzee, kama unanisikiliza, nilirudi jioni ile. Hema lilikuwa limesimama.